Uwazi Alioupanga Don Lalo

"Ina a ngapi?" aliuliza Don Lalo.

Yuriria, mwenye duka la intaneti, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mzee akimwelekeza kidole kwenye kibodi. Kidole kikabaki hewani.

"A ngapi kivipi?"

"Herufi a. Mashine yako imewekewa ngapi? Yangu ina chache, na z ndiyo usiseme. Niambie mapema, nisije nikakwama katikati ya ubeti watu wakanicheka."

"Ziko zote unazotaka, Don Lalo. Haziishi."

"Hakuna kisichoisha, binti yangu," alisema mzee, akabonyeza a yake ya kwanza polepole, kama mtu anayechukua kipande cha mwisho cha nyama kwenye sahani ya watu.

Ndivyo alivyoanza masomo ya kompyuta, mwezi wa Oktoba, wakati mji mzima wa Santa Brígida unaanza kunukia maua ya wafu. Eulalio Pureco alikuwa mpanga herufi tangu ujana wake. Duka lake la uchapaji lilikuwa na mtambo mmoja wa mkono, mzito kama ng'ombe aliyegoma, na makasha ya mbao yenye vyumba vidogo vidogo, kila chumba na herufi yake iliyosubuiwa kwa madini ya risasi. Alichapa kadi za harusi, matangazo ya mapigano ya majogoo na sala za novena za siku tisa. Lakini kazi iliyompa jina ilikuwa moja tu, nayo ni karatasi ya calavera. Kila tarehe mosi Novemba, wafu wanaporudi nyumbani kula, mji mzima uliisubiri karatasi hiyo, yenye beti za kuwaua walio hai kwa mzaha. Padri alikufa humo, mwalimu alikufa, mpiga kengele alikufa, kila mmoja na kifo chake cha kuchekesha. Aliyekosa kuuawa alinuna mpaka Pasaka. Mtunzi alikuwa mkewe, Refugio, ambaye hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Cuca, mwanamke mwenye ulimi mkali na moyo mweupe.

Beti za watu wengine zilipangwa kwanza. Wa Lalo ulikuwa wa mwisho kabisa, upande wa pili wa karatasi, pembe ya chini kulia. Kufika hapo makasha yalikuwa yamekaukiwa. Cuca alisimama mbele yake na kikombe chake cha uji wa mahindi, akachungulia herufi zilizosalia, kisha akamtungia mumewe kifo kwa hizo hizo.

"Umeniua kwa makombo tena," Lalo alilalamika.

"Shukuru. Wengine hawapati hata makombo."

Naye Lalo akakipanga kifo chake mwenyewe, herufi moja moja, kichwa chini miguu juu kama risasi inavyotaka, huku akicheka peke yake. Mmoja wa beti hizo watu wa Santa Brígida wanaujua kwa moyo mpaka leo:

Lalo kafa wiki hii,
mbinguni akarudishwa:
"Vidole vyeusi tii!
Rudi kwa Cuca kuoshwa."

Ndiye Cuca huyo. Kila mwaka alimwua, na kila mwaka roho ilimsuta akamrudisha. Mara Lalo alirudishwa kwa sababu ya wino, mara kwa kukoroma, mara kwa kuwa aliacha maharage yanaungua jikoni. Hakuna hata ubeti mmoja ambamo alikufa akabaki amekufa.

Aprili ya mwaka huo Cuca alifariki, na hapo hapakuwa na mzaha wala mlango wa kumrudisha. Julai mkono wa mtambo ukapasuka. Fundi wa kuchomelea aliutazama, akasema chuma cha kale namna ile hakishiki tena. Lalo hakuulilia mtambo. Machozi alikuwa ameshayatumia. Ila Septemba ilipoisha usingizi ulimwisha pia. Hii ingekuwa mara ya kwanza kwa Cuca kurudi nyumbani akiwa miongoni mwa wafu. Angekuta mkate wake, angekuta tamale za unga wa mahindi na maua. Kisha, na Lalo alimjua mke wake, angeshika kiuno na kuuliza: karatasi iko wapi? Kumwambia marehemu wako, mwaka wake wa kwanza, kwamba karatasi haikutoka, lilikuwa jambo ambalo Lalo asingeliweza. Ndipo akavaa kofia, akavuka uwanja, akaingia kwa Yuriria.

Mzoea punda hapandi farasi, na Don Lalo siku za mwanzo alimpanda farasi wake kinyumenyume. Maisha yake yote mkono wa kushoto ulishika kibano cha chuma ambamo herufi hupangwa mstari, na wa kulia ukaokota. Sasa wa kulia ulikuwa na kipanya, na wa kushoto ulibaki umekunjwa mbele ya kifua, umeshika kitu ambacho hakikuwapo.

"Ushushe mkono, utachoka," Yuriria alimwambia.

"Niuweke wapi?"

"Kwenye kibodi."

"Huko haujui kazi."

Alasiri baada ya alasiri, watoto wa michezo wakishaondoka, alikuja na kujifunza. Alijifunza kuusimamisha ule mstari mdogo unaopepesa pale anapotaka neno lianze. Alijifunza kuburuta kipanya juu ya maneno mpaka yakavaa weusi, na kwamba maneno yaliyovaa weusi ndiyo yanayotii: bonyeza herufi nene, yananenepa, bonyeza ile iliyolala, nayo yanalala. Alijifunza kubonyeza picha ya kidisketi kila amalizapo jambo, ili kompyuta ilihifadhi. Kisha Yuriria akamwonyesha vile vialama vya mistari vinavyopeleka maandishi kushoto, kulia na katikati. Alipobonyeza cha katikati, jina la karatasi liliruka lenyewe likatua pale pale lilipotakiwa kuwa.

Don Lalo akagusa sikio lake.

"Bwana aliyenifundisha uchapaji alinipiga kofi kwa ajili ya hicho," alisema. "Kuweka kichwa cha habari katikati. Kofi la sikio. Nilijifunza mwaka mzima."

"Sasa ni kubonyeza tu."

"Basi lile kofi nilipigwa bure."

Lilikuwepo jambo moja alilolijua kabla hajafundishwa. Siku moja Yuriria alibonyeza kitufe chenye alama kama P iliyogeuzwa, na ukurasa ukajaa vitone na vialama pale ambapo palikuwa peupe.

"Usishtuke, haijaharibika," alisema. "Inakuonyesha usichokiona. Kila nafasi ina kitone chake, kila mstari mtupu una alama yake. Kwa kompyuta hata uwazi ni kitu."

Uso wa mzee ukafunguka. "Hiki nakijua! Kwetu uwazi nao ni risasi. Vipande vifupi visivyoufikia wino. Huvioni kwenye karatasi, lakini usipovipanga mstari wote unaporomoka." Akacheka kwa furaha, akaanza kuinuka akamsimulie Cuca. Alikuwa ameshaacha kiti nusu alipokumbuka. Akakaa tena, akajifanya anatafuta miwani.

Beti za mwaka huo zililetwa na watu wenyewe, kila mmoja akimwua jirani yake. Nyingi zilichechemea, na Lalo alizinyoosha alivyoweza. Uliosimama wima ni mmoja, wa mwalimu wa shule, juu ya Don Chón mwokaji mikate:

Bibi Kifo kaja jana
kwa Don Chón kwenye tanuri:
"Mkate mdogo sana,
njoo ujaze kaburi."

Don Chón mwenyewe alikuja kuchungulia, unga mpaka kwenye nyusi.

"Nani kaniua?"

"Siri ya mchapaji," Lalo akasema bila kugeuka.

"Mkate wangu mdogo? Huu mkate unaokula wewe kila asubuhi na kuomba wa jana kwa bei nafuu?"

"Chón, niache, nikikosea hapa utakufa mara mbili."

Don Chón akausoma tena, akavuta pumzi. "Haya, basi niandike kwa herufi nene. Kama ni kufa, nife nionekane."

Hakuna aliyeleta ubeti wa Lalo. Hawakuwa wamemsahau. Kila mtu alijua mlango ule ulikuwa wa nani, na hakuna aliyethubutu kuupitia.

Siku ya mwisho ya Oktoba upande wa kwanza ulikuwa tayari. Yuriria alitaka kwenda sokoni kununua maua ya madhabahu ya marehemu baba yake, akamwelekeza Lalo namna ya kuchapisha: bonyeza picha ya printa, andika idadi, kubali. Printa yenyewe ilikaa chumba cha nyuma, nyuma ya pazia. Mzee akabonyeza. Kule nyuma mashine ikaanza kuvuta karatasi kwa mlio mzuri wa kazi, naye akakunja mikono akausikiliza kama mtu anayesikiliza mvua juu ya shamba lake. Mlio ulipokoma, alifanya kile ambacho kila mpanga herufi muungwana hufanya.

Dukani kwake risasi haikuwahi kutosha pande mbili. Upande wa kwanza ukishachapwa, herufi hurudishwa kila moja chumbani kwake, ndipo upande wa pili upangwe. Ni kweli Yuriria alisema za kompyuta haziishi. Lakini Lalo hakuwahi kukiona kitu kisichoisha, na aliona aibu kumwachia mwenzake mashine imejaa herufi zilizotumika. Akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, akaanza kuzirudisha kutoka mwisho, moja moja, bila pupa. Padri akarudi chumbani. Mpiga kengele akarudi. Don Chón akarudi na mkate wake. Ukurasa ulipokuwa mweupe kabisa alibonyeza picha ya kidisketi, kama alivyofundishwa.

Kisha akafunua pazia.

Karatasi za kwanza zilikuwa za kijivu. Zilizofuata zilififia mpaka ukalazimika kuziinua kwenye mwanga, na zilizobaki zilikuwa tupu. Wino ulikuwa umeisha. Dukani kwake angeliona mapema, maana wino aliupaka kwa mkono wake na kila karatasi ilipita mbele ya macho yake. Mashine hii ilikuwa imefanya kazi imemgeuzia kisogo.

Yuriria alirudi amekumbatia maua, akamkuta amesimama na lile rundo mikononi.

"Wino umeisha," mzee alisema.

"Pole, kosa langu, sikuangalia. Nakimbia kununua mwingine, tunachapa upya."

"Hakuna cha kuchapa. Nimezirudisha."

"Umerudisha nini?"

"Herufi. Ili nipange upande wa pili."

Yuriria aligeuka kuitazama skrini. Maua yakamponyoka, mengine yakaanguka sakafuni.

"Na umehifadhi?"

"Nimehifadhi. Si ulinifundisha?"

"Nilikufundisha," alisema Yuriria kwa sauti ndogo.

Don Lalo akaketi. Ubeti mmoja ulimla alasiri nzima, na sasa alasiri ilikuwa imebaki moja. "Anakuja kesho," alisema. "Katoka mbali kote huko, anafika nyumbani, na mimi sina cha kumpa. Sijui nitamwangalia kwa uso gani." Akajifuta pua kwa kiganja. "Ndiyo hivyo. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Subiri. Ulifunga faili?"

"Sijafunga kitu. Kufunga hatujafika."

Yuriria akamshika kichwa kwa mikono miwili, akambusu kwenye upara. "Ubarikiwe na ujinga wako, Don Lalo! Humu ndani maji yanazoleka. Njoo hapa. Unakiona hiki kimshale kilichopinda kuelekea kushoto? Nilikuwa nakuwekea kiwe somo la mwisho. Kibonyeze."

Akakibonyeza. Herufi moja ikatokea juu ya ukurasa mweupe. Akabonyeza tena, na tena. Maneno yakaanza kurudi kwa mpangilio wao, jina la karatasi katikati, kisha padri, mpiga kengele, na Don Chón mnene katika herufi zake nene. Mzee alibonyeza huku machozi yakimtiririka bila kificho, na Yuriria akamwacha. Ukurasa ulipokuwa umejaa, kidole cha Lalo kilikuwa bado kwenye kipanya.

"Kinarudi nyuma mpaka wapi, hiki kimshale?"

Yuriria aliyaokota maua ya baba yake kabla ya kujibu. "Mpaka pale ulipofungua faili, baba. Zaidi ya hapo hakiendi."

"Hakiendi," alisema Lalo. Akahifadhi.

Wino mpya ulipowekwa, alisimama nyuma ya pazia akaipokea kila karatasi kwa mkono wake. Kisha wakageukia upande wa pili. Mwaka huu upande huo haukuwa na maneno mengi. Juu yalikaa majina ya waliofariki mwaka huo, bila mzaha, kwa sababu calavera ni ya walio hai. Aliyekufa kweli hutajwa kwa heshima na kupewa mkate. Lalo aliandika majina mawili matatu ya majirani, akafika kwa mkewe. Refugio Tinoco de Pureco, aliandika, na chini yake, Cuca. Hapo hapo kijimstari chekundu chenye mawimbi kikajichora chini ya Cuca, na kingine chini ya Pureco.

"Nini hii?"

"Inafikiri ni kosa."

"Mke wangu ni kosa?" Mzee alikuwa ameshapandisha sauti. "Hii mashine imezaliwa lini?"

"Haimjui tu, Don Lalo. Bonyeza upande wa kulia wa kipanya, juu ya jina. Sasa hapo panaposema ongeza."

Akabonyeza, na ule wekundu ukatoweka.

"Sasa inamjua," Yuriria alisema.

"Itakuwa na bahati," akajibu Lalo. Akaliburuta jina likavaa weusi, akalinenepesha, akalipeleka katikati. Baada ya hapo alishika kitufe cha kushuka mstari, akashuka, akashuka, mpaka chini kabisa, kisha akaupeleka ule mstari unaopepesa upande wa kulia. Akaondoa mikono.

Yuriria aliinama. "Hapa chini pamebaki peupe sana. Tufute hii mistari, majina yakae vizuri katikati ya ukurasa?"

"Usiuguse uwazi huo. Nimeupanga."

Yuriria akatazama ule mstari unaopepesa peke yake pale pembeni, chini, kulia. Alizaliwa Santa Brígida, hakuhitaji kuelezwa. Akabonyeza picha ya printa.

Kesho yake asubuhi karatasi zilitoka uwanjani, na watu wakafa kwa kicheko kama desturi. Padri alijisoma akasema atashtaki kwa askofu. Don Chón alipanda juu ya benchi akaisoma calavera yake kwa sauti, mara ya pili kwa sauti zaidi, kwa kuwa wa mtaa wa juu hawakuwa wamesikia. Kisha akaigeuza karatasi. Akavua kofia mbele ya majina. Macho yake yakateremka, yakafika kwenye pembe ya chini, yakapekua pale peupe.

"Na wewe, Lalo?" aliuliza. "Mwaka huu hukufa?"

Ilikuwa imemtoka kwa mazoea. Mke wa Don Chón akamfinya mguuni.

"Anayeniua hajafika," Lalo akasema. "Anakuja jioni."

Don Chón alishuka kwenye benchi. Alipekua kapu lake, akatoa mkate wa wafu mkubwa kuliko wowote aliowahi kuoka maishani mwake, akamtia Lalo mikononi.

Jioni kengele zilipoanza, madhabahu ya Cuca ilikuwa tayari, pale pale dukani, kati ya makasha na mtambo uliokufa. Kulikuwa na mishumaa na maji na chumvi, tamale chini ya kitambaa, mkate wa Don Chón uliomaliza nafasi ya vyote, na kikombe cha uji wa mahindi ukifuka moshi. Kutoka mlangoni mpaka hapo Lalo alikuwa amemwaga njia ya maua ya manjano. Aliiweka karatasi mbele ya kikombe, upande wa pili juu, akainyoosha kwa viganja. Ndipo akaiona mikono yake.

Ilikuwa safi. Mwezi mzima wa kipanya na kibodi ulikuwa umevitoa vidole wino wote, na kucha zilikuwa nyeupe kama za karani wa benki. Aliigeuza huku na huku. Mtu angeweza kuingia mlangoni, akaitazama mikono ile, akadhani kakosea nyumba.

Akaenda kwenye makasha. Hakuchagua, alipitisha mkono chumba hadi chumba, akachota herufi zilizokuja, nyingine nyingi, nyingine moja moja, na z hakupata hata moja. Akazimwaga kwenye sahani, akaisogeza karibu na pembe ya chini kulia ya karatasi, pale peupe. Wino wa miaka yote ulikuwa bado umeganda kwenye risasi, na alipomaliza vidole vilikuwa vyeusi tii.

Beseni la maji lilikuwa karibu na mlango. Hakunawa. Alivuta kigoda, akakaa kuelekea mlango ulio wazi, mikono magotini, viganja juu.